UCHAMBUZI: Mnara wa simu ukidanganywa, nambari ya siri haitatufaa

WAKAZI wa miji ya Ruiru na Thika, sawa na Wakenya wengine, wamehimizwa kwa miaka mingi wajihadhari na matapeli wa simu. Wameambiwa wasimpe yeyote nambari ya siri, wasibonyeze viungo wasivyovijua, na wasikubali kurudisha pesa ambazo hazikuingia kwenye akaunti zao.

Mawaidha hayo yana maana kubwa. Hata hivyo, yote yanahusu ghorofa ya juu ya jengo ambalo msingi wake hauzungumziwi kabisa. Kabla ya mteja kuombwa nambari ya siri, na hata kabla ya ujumbe wake kugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka, simu na mnara huwa tayari vimefanya jambo moja kwa kuaminiana: vimepima hali ya anga iliyo kati yao.

Upimaji huo ndio wahandisi wa mawasiliano wanaouita ukadiriaji wa njia ya mawimbi. Bila kazi hiyo hakuna simu itakayolia wala shilingi itakayotumwa. Lakini kwa jinsi ilivyobuniwa, kazi hiyo humwamini yeyote anayetoa sauti inayotarajiwa, bila kumwuliza yeye ni nani.

Suala hili lilianza kama mjadala wa wanahisabati na wahandisi. Sasa kwa kuwa mitandao ya kizazi cha tano, 5G, inaendelea kuenezwa nchini, linastahili kujadiliwa pia na wale wanaotunga kanuni na wale wanaonunua mitambo.

Kazi isiyoonekana

Mawimbi ya redio hayatoki mnarani na kufika kwenye simu kwa mstari ulionyooka kama mshale. Katika mtaa wa nyumba za kupangisha mjini Ruiru, ambako magorofa yamesimama bega kwa bega, wimbi hugonga ukuta wa mawe, likaruka hadi kwenye paa la mabati, likapinda kwenye kona ya jengo na kufika kwenye simu likiwa limegawanyika vipande vingi. Kila kipande hufika kwa wakati wake na kwa nguvu zake. Vingine husaidiana, vingine hufutana.

Ili kuvipanga upya vipande hivyo, mnara hutuma ishara elekezi, yaani ishara fupi ambayo simu inaifahamu tangu mwanzo. Simu hulinganisha kile ilichopokea na kile ilichotarajia, na tofauti kati ya viwili hivyo huipa picha ya njia yenyewe. Ni kama mtu anayeita jina lake mbele ya pango ili ajue kina chake kutokana na mwangwi.

Picha hiyo haidumu. Kwa mawimbi ya gigahazi 2.6, ambayo ni miongoni mwa yale yanayotumika duniani katika mitandao ya 4G na 5G, urefu wa wimbi moja ni takriban sentimita 12. Matatu inayokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa katika barabara kuu ya Thika huukamilisha umbali huo kwa muda wa kama sekunde 0.005. Abiria anapotuma nauli kwa simu, picha ya njia huwa imekwisha kuchakaa kabla hajapepesa jicho. Ndiyo maana katika mtandao wa 4G ishara elekezi hurudiwa ndani ya kila sekunde 0.001.

Teknolojia ya 5G imeongeza uzito wa kazi hii. Mnara wa kisasa unaweza kuwa na antena ndogo 64 katika paneli moja, nao hautawanyi mawimbi kila upande kama taa ya kibatari. Humlenga mteja mmoja mmoja kwa mwale mwembamba, mfano wa tochi. Ili ujue pa kuielekeza tochi hiyo, mnara husikiliza ishara elekezi inayotoka kwenye simu ya mteja. Inakotoka ishara ndiko mwale unakoelekezwa.

Udhaifu uliogunduliwa

Mwaka wa 2010, mtafiti Thomas Marzetta, wakati huo akiwa katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwamba hata antena za mnara zikiongezwa bila kikomo, tatizo moja halitaondoka. Ishara elekezi ni chache, na minara jirani hulazimika kuzitumia tena na tena. Simu mbili zinapotoa ishara moja kwa wakati mmoja, mnara huchanganyikiwa na kupata picha isiyo sahihi.

Marzetta alikuwa akizungumzia ajali ya kawaida ya kitaalamu. Miaka miwili baadaye, katika makala iliyochapishwa 2012, Xiangyun Zhou, Behrouz Maham na Are Hjørungnes waliuliza swali la pili: itakuwaje iwapo mkanganyiko huo utasababishwa makusudi?

Jibu lao halikufurahisha. Adui anayetuma ishara elekezi ya mteja, kwa wakati ule ule, anaweza kuufanya mnara uamini kwamba mahali alipo yeye ni sehemu ya mahali alipo mteja. Mwale hugawanyika. Sehemu humwendea adui, na mteja hubaki na mabaki. Katika tukio hilo hakuna kufuli lililovunjwa wala nambari ya siri iliyoibwa, kwani mnara umedanganywa tu kuhusu mahali alipo mtu wake.

Hata mwaka wa 2011, Charles Clancy wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech alikuwa ameonyesha kwamba anayetaka kuvuruga mawasiliano ya aina hii hahitaji kuyavamia mawimbi yote. Akizivamia ishara elekezi pekee, hutumia nguvu kidogo zaidi na kuleta madhara makubwa zaidi. Ni sawa na mtu anayeng'oa vibao vya barabarani badala ya kuifunga barabara nzima.

Hatari hasa iko wapi?

Ni vyema kutenganisha hofu na ukweli. Anayefanikiwa kuuvuta mwale upande wake hapati papo hapo siri za mteja. Mitandao ya 4G na 5G husimba data, yaani huigeuza kuwa fumbo, kati ya simu na mnara, na programu za benki huisimba kwa mara nyingine. Atakachonasa adui ni fumbo.

Aidha, shambulio lenyewe si jepesi. Adui sharti aijue ishara sahihi, aitoe kwa wakati sahihi kabisa, na nguvu zake zinapofika mnarani ziwe zinakaribiana na za simu anayoilenga. Sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa kuhusu mbinu hii ni ya hesabu na ya maabara.

Hivyo basi, hatari kubwa zaidi ni mwananchi kunyimwa huduma bila yeye wala kampuni yake ya simu kutambua. Malipo yanakwama. Simu inakatika. Data inakokota miguu. Mteja atasema mtandao umelemewa, na kampuni itasema kwamba watu wameongezeka mtaani. Wote wawili watakuwa wamesema jambo linaloaminika, kwa sababu ndivyo mambo huwa siku nyingi. Shambulio linalofanana na kero ya kila siku halina haja ya kujificha.

Kwa Ruiru na Thika suala hili si la kubezwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, na kuufanya mji wa nne kwa wingi wa watu nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika ilikuwa na zaidi ya watu 250,000. Tangu Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi barabara kuu ya Thika mnamo Novemba 2012, mashamba ya kahawa na viwanja vilivyokuwa vitupu vimeendelea kugeuka mitaa ya magorofa ya wafanyakazi wanaorauka kwenda Nairobi na kurejea usiku.

Wengi wa wakazi hao hutegemea minara kwa karibu kila kitu. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, sasa ina zaidi ya wateja milioni 30 nchini. Kodi ya nyumba, nauli, karo na hata sukumawiki ya jioni hulipiwa kwa simu. Kwa familia ambayo haijafikiwa na intaneti ya waya, mnara ndio benki, ndio posta na ndio darasa la mwanafunzi anayesomea nyumbani. Anayeuzima mnara huo kwa saa mbili jioni ya mwisho wa mwezi amefunga duka, stani ya matatu na benki kwa pamoja.

Funzo la 2G

Kuna watakaosema kwamba jambo lililoko maabara liachwe huko huko hadi litakapotoka. Historia ya simu za mkononi inatoa jibu.

Wabunifu wa mfumo wa kizazi cha pili, 2G, katika miaka ya themanini walihakikisha kwamba mnara unaitambua simu, lakini hawakuitaka simu iutambue mnara. Hawakusahau. Walifahamu kwamba mtu angeweza kujenga mnara bandia, ila waliona kwamba gharama ya mitambo hiyo ingemshinda mhalifu. Huo ndio mfumo ulioingia kwa wingi nchini Kenya mwaka wa 2000, kampuni za Safaricom na KenCell zilipoanza kushindania wateja.

Gharama hiyo imeporomoka. Redio zinazoendeshwa kwa programu za kompyuta sasa hupatikana kwa dola mia chache za Marekani. Mwishoni mwa 2022, polisi jijini Paris walikuta gari lililobeba kifaa cha kujifanya mnara. Juni 2024, polisi jijini London walitangaza kuwakamata watu wawili kuhusiana na antena iliyoundwa nyumbani na kutumiwa kusambaza jumbe za kitapeli. Novemba mwaka huo huo, polisi nchini Thailand walitangaza kumnasa dereva aliyezunguka Bangkok akiwa na kifaa cha aina hiyo.

Ilichukua takriban miaka 30 kwa hatari iliyopuuzwa kwenye meza ya wabunifu kuingia kwenye buti la gari. Ufa huo ulizibwa kuanzia kizazi cha tatu, lakini 2G bado ipo, na simu nyingi hurejea huko zinapobanwa.

Wanaoamini kwamba udanganyifu wa ishara elekezi ni mgumu mno kwa mhalifu wa kawaida wanasema kweli kuhusu leo. Wenzao waliobuni 2G pia walisema kweli kuhusu siku zao.

Akili bandia yaingia mnarani

Jambo la pili linaloharakisha mambo ni akili bandia. Kwa miaka mingi, ukadiriaji wa njia ya mawimbi umefanywa kwa kanuni za hesabu zinazojulikana na zinazoweza kukaguliwa hatua kwa hatua. Sasa watafiti na watengenezaji mitambo wanazidi kuikabidhi kazi hiyo programu zinazojifunza kwa mifano. Muungano wa kimataifa unaotunga viwango vya simu, 3GPP, uliifanyia uchunguzi akili bandia katika mawasiliano kati ya simu na mnara kupitia toleo lake la 18, lililokamilishwa 2024. Miongoni mwa matumizi yaliyochunguzwa ni simu kuuarifu mnara kuhusu hali ya njia, na mnara kuchagua mwale wa kumhudumia mteja.

Programu za aina hii hukadiria vizuri, hasa pale kelele zinapozidi. Lakini zina ugonjwa unaojulikana. Ukiongeza mtikiso mdogo uliopimwa kwa ustadi kwenye kile zinachopokea, mtikiso ambao kwa jicho la kawaida ni kelele tu, makadirio yake yanaweza kuharibika vibaya. Mwaka wa 2022, Ferhat Ozgur Catak na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba programu za kukadiria njia ya mawimbi nazo hazijasalimika.

Watafiti hao walipendekeza tiba ambayo tunaweza kuiita ya mwalimu na mwanafunzi: programu moja hufunzwa kwanza, kisha majibu yake hutumiwa kuifunza ya pili, ambayo huwa ngumu zaidi kutikiswa. Tiba hiyo ilisaidia dhidi ya mashambulio waliyoyajaribu.

Lakini ina historia yake. Ilipendekezwa kwa usalama wa programu za kutambua picha na Nicolas Papernot na wenzake, katika makala iliyotolewa kwenye kongamano la 2016. Mwaka uliofuata, Nicholas Carlini na David Wagner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba adui aliyebuni mashambulio makali zaidi anaipenya.

Maana yake ni kwamba mtengenezaji anayesema mtambo wake umekingwa hajajibu swali. Swali ni umekingwa dhidi ya shambulio gani, na nani aliyelijaribu.

Sheria zetu zafika wapi?

Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inakataza kuendesha mitambo ya redio bila leseni. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inaharamisha kuingilia na kunasa mawasiliano bila idhini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawabana wanaohifadhi habari za watu.

Hata hivyo, sheria hizo zinamtazama mhalifu aliyekwisha kutambuliwa. Shambulio tunalolizungumzia hapa lina sifa ya kutotambulika. Huwezi kumfikisha mahakamani mtu ambaye kazi yake imeandikwa kwenye kumbukumbu za kampuni kama msongamano wa jioni.

Mamlaka ya Mawasiliano, CA, hupima ubora wa huduma za kampuni za simu kwa kuangalia mambo ambayo mteja huyahisi, kama vile simu kuunganishwa, simu kukatika na kasi ya data. Ni kazi muhimu, lakini vipimo hivyo hueleza kwamba huduma imekuwa duni mahali fulani bila kueleza ni kwa nini.

Yanayoweza kufanywa

Habari njema ni kwamba kinga zinajulikana, na nyingi ni za programu wala hazihitaji mnara mpya. Ya kwanza ni kuifanya ishara elekezi isitabirike. Simu hutuma ishara mbili zilizogeuzwa kwa nasibu. Ikiwa peke yake, uhusiano kati ya ishara hizo hubaki katika maumbo machache yanayojulikana. Akijiingiza mtu wa pili, maumbo huvurugika, na mnara hujua kwamba kuna mgeni.

Ya pili ni kulinganisha hesabu za pande mbili. Mnara unajua ni nguvu kiasi gani ulitarajia zimfikie mteja, na simu inaweza kueleza imepokea kiasi gani. Pengo kubwa lisiloelezeka ni dalili kwamba mwale una mdokozi. Ya tatu ni kuweka kumbukumbu za matukio hayo, ili kero ya Ruiru leo iweze kulinganishwa na kero ya Thika juma lijalo.

Kampuni zinaweza kulalamika kuhusu gharama. Hoja hiyo ina uzito kwa mitambo iliyokwisha kusimikwa, lakini si kwa ile inayoagizwa sasa. Mitambo ya minara hudumu kwa miaka mingi, na wakati wa kumbana muuzaji ni kabla ya kumlipa. CA inaweza kudai kwamba kila mtambo mpya uje na ripoti ya majaribio dhidi ya udanganyifu wa ishara elekezi, pamoja na maelezo ya pale akili bandia inapotumika katika kukadiria njia ya mawimbi.

Majaribio hayo yana mahali pa kufanyiwa, tena si mbali. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kipo Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Kilianza 1981 kwa msaada wa serikali ya Japan, kikawa chuo kikuu kamili 1994, na kinafunza uhandisi wa mawasiliano. Ndicho pia mwenyeji wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Chuo Kikuu cha Afrika, kinachosimamiwa na Umoja wa Afrika. Wanafunzi wake wanaishi katika magorofa yale yale ambamo mawimbi hugongana. Wakipewa idhini ya masafa ya majaribio na ushirikiano wa kampuni za simu, wanaweza kupima katika mazingira yetu kile ambacho makala nyingi za ng'ambo hukikisia kwa kompyuta.

Mwananchi naye ana nafasi yake, ingawa ni ndogo. Simu nyingi zenye mfumo wa Android, kuanzia toleo la 12 la mwaka wa 2021, humwezesha mwenyewe kuizima 2G, na hivyo kuufunga mlango wa minara bandia ya kale. Kuhusu ishara elekezi, hakuna kitufe cha kubonyeza. Hapo mteja anategemea kabisa uangalifu wa kampuni na wa mdhibiti.

Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kuendelea kutwikwa mwenye simu peke yake. Tumemfunza mama mboga wa Kamakis na mwanafunzi wa Thika kulinda nambari ya siri, nao wamejitahidi. Mnara ulio juu ya paa lao unawapa huduma kwa kuamini sauti yoyote inayofanana na yao. Wenye mnara na wenye kutoa leseni ndio wanaopaswa kuufunza mnara huo kuuliza "nani?" kabla haujageuza mwale wake, na wafanye hivyo sasa wakati ufa bado ni wa kuziba.